Kuku au Bata

Benchi la kijiwe limeegemea ukuta wa chuo, kati ya kibanda cha fundi simu na birika la kahawa. Asubuhi hiyo mhadhiri wa baiolojia, ambaye hapo wanamwita Jeni, alikuwa amelikalia na kompyuta mapajani, roho juu juu. Mkuu wa idara alikuwa amempa mpaka saa sita achague programu moja ya kuwafundishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kusoma vinasaba kwa kompyuta, la sivyo somo linafutwa kwenye ratiba. Na somo hilo alilipigania mpaka akachukiwa.

– Sasa tatizo liko wapi? aliuliza Waya, fundi simu mwenyewe, bisibisi nyuma ya sikio.

– Programu ziko mbili, ndugu yangu. Moja iko mtandaoni, ya bure, unabofya vitufe tu. Nyingine unaiandikia amri mwenyewe, herufi kwa herufi. Nimezipa sampuli ile ile ya vinasaba. Ya vitufe inasema kuku, ya amri inasema bata.

– Chukua ya amri. Kitu kikutese hivyo halafu kikudanganye? Haiwezekani.

– Wewe nawe! alidakia Breki, dereva aliyestaafu teksi lakini hajastaafu ubishi. Watoto wa watu watamaliza muhula wanatafuta nukta iliyopotea. Wape vitufe!

– Vitufe vinalemaza. Mtandao ukikatika watabaki kutazamana.

– Na hiyo yako ikigoma kuingia kwenye kompyuta zao, utakwenda kuwawekea?

– Jamani, alisema Jeni, ni kuku au bata?

– Bata, alisema Waya. Hiyo ya bure lazima ipendelee kuku. Wafugaji ndio wanaoilipia umeme.

– Mwongo mkubwa! alisema Breki. Zote ziko sahihi. Baba kuku, mama bata, ukoo ukaficha. Sasa kompyuta imeitoa siri hadharani.

– Haya, na mayai atalalia nani?

Jeni, msomi mzima, akajikuta anayawazia hayo mayai. Akajionea huruma.

Hapo akafika binti mmoja na simu iliyopasuka kioo. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, tena wa somo hilo hilo.

– Shikamoo, mwalimu. Samahani, nimesikia mnabishana. Sampuli yenyewe ilitoka kwa mnyama gani?

Jeni akatafuta faili haraka haraka, akakuta jina lake ni “mpya ya mwisho kabisa”, basi. Aliachiwa faili hilo na mwenzake aliyehama. Aibu ikampanda mpaka masikioni: tangu asubuhi alikuwa akijaribu mizani mbili kwa mzigo asioujua uzito wake; alihitaji kwanza sampuli ya mnyama anayemjua.

Simu ikaita. Mkuu wa idara.

– Umechagua?

– Bado, mkuu. Kwanza naomba idara ininunulie kuku.

– Kuku? Hiyo nayo ni programu ya kampuni gani?

– Ana manyoya, mkuu.