Karata Isiyo na Jina: Risala ya Akina Kukhu wa Amalemba

Mgeni rasmi, Madam Cherono, mkuu wa vipindi katika kituo cha televisheni kilichokutuma kwetu kutoka Nairobi, chifu wetu, Mchungaji Phineas, wazazi, vijana, na nyinyi watoto mlioketi mbele kabisa ambao tunawaomba mwache kuvuta nyaya za Wanjala, kijana wetu wa mashine ya filamu:

Sisi ni akina kukhu, yaani akina nyanya, wa Kikundi cha Sauti Moja, hapa Amalemba. Tunasimama mbele yenu na furaha ya mtu aliyepika na wageni wakaja kweli. Tumemtuma mwenzetu Navalayo asome kwa sababu miwani yake ndiyo mipya, lakini maneno ni yetu sote.

KARIBU KWETU

Madam, umefika asubuhi, na hilo tunakushukuru. Huku kwetu alasiri ni ya mvua, na mvua ikishaanza kupiga mabati hakuna risala wala filamu itakayosikika. Tumeona umekula obusuma, ugali wetu, kwa mkono na hukuomba uma. Tumeona pia umeila firigisi ya ile ingokho, kuku wetu wa kienyeji. Labda ulidhani ni nyama tu. Zamani firigisi ilikuwa ya baba mwenye nyumba, na mwanamke aliyeionja alisemwa mpaka kisimani. Jana tulikaa, tukazungumza, tukaamua kwamba leo itakuwa yako. Kwa hiyo tayari umekula kitu kizito, na sisi tutakuomba kitu kizito.

TULIKOTOKA

Watu wakiuliza filamu yetu ilianzia wapi, tunasema ilianzia motoni.

Watoto wa hapa mtaani walikuwa wakitazama kwenye simu zile katuni za ng'ambo za wachezaji wa karata, ambamo mtu anatupa karata chini na dude kubwa linatoka ndani yake. Wakaanza kujitengenezea zao. Walikata maboksi ya sabuni, wakachora wanyama wa msitu wetu: mbega mwenye joho jeupe, hondohondo, nyoka, kinyonga. Mmoja anaweka yake, mwenzake anaweka yake, wanapigiana kelele kuanzia asubuhi.

Sisi tulisikia neno moja tu, karata, na hapa kwetu karata ni kamari. Tunawajua wanaume walioingia kucheza wakiwa na baiskeli wakatoka kwa miguu. Mchungaji Phineas alikuwa amehubiri juu yake Jumapili mbili mfululizo. Yuko hapa, anacheka. Basi mwenzetu Kukhu Nasambu, ambaye ndiye mkubwa wetu kikundini, alizikusanya karata zote uwanjani kwake, akazitia chini ya sufuria ya maharagwe.

Watoto walilia. Mmoja akamuuliza, "Kukhu, hata nyoka umemchoma?"

"Huyo ndiye niliyeanza naye," akasema, akakoroga maharagwe.

Jioni akaja Wanjala, ambaye wakati huo alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, na ndiye aliyewafundisha watoto kuchora wale wanyama. Hakuja na hasira. Alichukua kijiti, akachokora jivu, akatoa karata moja iliyoungua nusu. Mnyama alibaki. Upande wa jina ulikuwa umeliwa na moto.

"Kukhu," akasema, "huu mchezo hakuna anayekula cha mwenzake. Mnyama wako anashindana na wangu, halafu wote wanarudi mfukoni kulala."

Nasambu akaigeuza ile karata, akapuliza jivu. "Na huyu anaitwa nani?"

"Alikuwa na jina. Umelichoma."

Wanjala alisema hivyo kwa utani. Lakini sisi tuliokuwepo tulimwona Nasambu akikaa na ile karata mapajani mpaka maharagwe yakashika chini. Kwetu mtu haishi bila jina. Akasema, "Basi nikulipe vipi?"

"Nipe sauti yako," Wanjala akajibu. "Mimi na wenzangu tunataka kutengeneza katuni zetu, na hatuna nyanya wa kusema ndani."

Nasambu hakujua anakubali nini. Kesho yake akaja na sisi wote nyuma yake.

TULIYOYAFANYA

Mgeni rasmi, kuanzia hapo tuache tujisifu kidogo.

Wanjala na wenzake walipata chumba nyuma ya kinu cha posho. Kinu kikisaga, hatukurekodi. Mvua ikinyesha, hatukurekodi. Tulitundika blanketi zetu ukutani ili sauti isirudi, na miezi hiyo tulilala tukijifunika leso. Walianza na katuni fupi fupi za karata za msituni, zikatembea kwenye simu mpaka Lugari kwa watu wa mahindi. Kisha wakasema sasa tutengeneze filamu nzima, ndefu, ya vita na safari. Wakaiita Karata Isiyo na Jina.

Ni hadithi ya Khalayi, binti wa mkata miwa wa Butali, anayeokota katika shamba lililochomwa karata iliyoungua upande mmoja. Akiitupa chini, linatoka dude lenye mgongo mweusi kama shamba baada ya moto, na macho ya mtoto. Halimsikii mtu. Linanguruma usiku na mchana, na kila linaponguruma mnyama mmoja wa msitu anafutika kutoka kwenye karata yake. Mfalme wa wacheza kamari analitaka. Wenye karata kubwa kubwa wanakuja na mbega wao na nyoka wao kulipiga, wanashindwa. Mwisho anakuja nyanya yake Khalayi, hana karata hata moja, na analishughulikia jinsi sisi tunavyoshughulikia mtoto mchanga anayelia.

Hatua za lile dude unazozisikia ni ngoma za isukuti. Mifupa inayovunjika ni sisi tunatafuna miwa. Na kama kuna mahali utamsikia mtu akicheka katikati ya vita, huyo ni Navalayo, na ndiye anayesoma hapa, kwa hiyo asome tu. Tulipoionyesha Lubao siku ya soko la ng'ombe, kwenye shuka iliyotundikwa ukutani, wauzaji waliacha mifugo yao wakaja kusimama. Mzee mmoja ndama wake alikwenda akarudi peke yake, na mwenyewe hakujua.

Lakini kuna mahali pamoja katika filamu hiyo ambapo hata wauzaji wa ng'ombe walivua kofia, na ndipo tunapotaka kukupeleka.

Kwetu, Madam, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, na maziwa anayo, na homa hana, wakubwa wanasema kuna mtu wetu aliyetangulia anayetaka kurudi kwa jina. Nyanya anamshika mtoto, anaita majina ya waliokwenda, mmoja mmoja. Anaita, anangoja. Anaita, anangoja. Jina ambalo mtoto atalinyamazia, hilo ni lake.

Wanjala alikuwa ameandika majina mazuri ya kuliitia lile dude: Radi, Mwamba, Kimbunga. Nasambu, ambaye ndiye sauti ya yule nyanya, aliyasoma kama mtu anayetangaza namba za nyimbo kanisani.

"Kukhu, ita kama unamwita mtu," Wanjala akamwambia.

"Nitamwitaje? Huyu Kimbunga ni wa nani? Alizikwa wapi?"

Walirudia mpaka wakachoka. Ndipo akaingia Gentrix, mke wa mwanawe Nasambu, ameleta chupa ya chai, na mgongoni mtoto ambaye hakuwa na jina bado. Mtoto huyo alikuwa amelia tangu azaliwe. Upande wa kwao Gentrix walikuwa wameita, akakataa wote. Alipoingia pale alikuwa analia mpaka midomo inatetemeka.

"Tupumzike kwanza," Wanjala akasema. Ila hakuna aliyezima mashine, na kile kipaza sauti kidogo kilikuwa bado kimebanwa kwenye kitambaa cha Nasambu.

Nasambu alimchukua mtoto. Akasahau filamu, akatusahau na sisi. Akamwita Wangila, mumewe. Akangoja, mtoto akalia. Akamwita Hezekiah, babake. Akangoja. Akamwita Isaiah, kaka yake aliyekuwa fundi wa baiskeli. Mtoto akazidi. Akaita wengine ambao baadhi yetu hatukuwahi kuwasikia, watu wa zamani, sauti yake ikawa inapasuka kama ukuni mbichi jikoni. Kisha akanyamaza. Tulidhani amewamaliza.

Hakuwa amewamaliza. Alikuwa amebakisha mmoja. Joash, kitinda mimba wake, alichukuliwa na ugonjwa akiwa kijana, na tangu siku walipofunika kaburi Nasambu hakulitamka jina hilo. Sisi majirani tulijua, na watoto wetu wenye jina hilo tuliwaita kwa majina mengine tukiwa karibu naye.

Akamweka mtoto shavuni akasema, "Joash."

Mtoto akanyamaza.

Ule ukimya ulikuwa mrefu. Kinu nje kilikuwa kimesimama. Hakuna aliyekohoa. Kisha Nasambu akasema maneno machache tu, na hayo hatutayasoma hapa, utayasikia mwenyewe. Gentrix alikuwa ameketi sakafuni na ile chupa ya chai, machozi yanateremka.

Wanjala alipokwenda kutazama mashine alikuta imechukua yote. Akamuuliza Nasambu kama aifute.

Nasambu akafikiri. "Lile dude lako bado halina jina?"

"Bado."

"Basi lipe. Jina halipungui kwa kugawanywa."

Sauti ile yote ikaingia kwenye filamu, na ndivyo dude letu linavyoitwa Joash, na mtoto wa Gentrix anaitwa Joash. Ni yule pale mwenye kaptula nyekundu. Ameshajifunza kutembea, na sasa anajifunza kutosikia.

YANAYOTUKWAZA

Tulipopata habari kwamba kituo chenu kinataka kuionyesha filamu nchi nzima, tulipiga vigelegele mpaka chifu akatuma mtu aje kuuliza nani ameoa. Kisha Wanjala akatueleza masharti. Mlisema picha ni nzuri, ngoma ni nzuri. Ila mahali pa majina, sauti ya nyanya inakwaruza, na majina yanakwenda polepole mno. Mngependa msichana mwenye sauti inayojulikana ayaseme upya, na ule ukimya ukatwe, kwa sababu mtazamaji akikaa hivyo bila kusikia kitu atabadilisha kituo.

Hatukukasirika. Wewe unajua kazi yako, na hata sisi tulichoma karata kwa kutojua.

Lakini Nasambu hawezi kurudia. Baada ya filamu kukamilika aliugua koo. Alipasuliwa, akapona, tunamshukuru Mungu, ila sauti haikurudi. Sasa anazungumza kwa mikono. Akimtaka mjukuu wake anapiga makofi mara moja, na Joash anakuja akitaka. Yupo hapa, safu ya kwanza, mwenye kitambaa cha kijani. Sauti yake iliyobaki duniani imo ndani ya filamu hiyo.

Tulipokaa kujadili masharti yenu, yeye ndiye aliyetushangaza. Aligusa koo lake, akasukuma mkono kuelekea barabarani, kama mtu anayefukuza kuku. Maana yake, iacheni sauti, filamu iende, watoto wa nchi wakaione. Kisha akamnyooshea kidole Joash, akakunja ngumi kifuani. Jina tu libaki.

Maisha yetu yote tumemtii mkubwa wetu. Siku hiyo tulimkatalia. Navalayo alimwambia, "Kukhu, wewe umesema yako. Sasa nyamaza." Akacheka bila sauti mpaka akafuta macho, nasi tukacheka naye, na bado tukakataa.

TUNAYOOMBA

Madogo kwanza. Tunaomba dari kwenye chumba cha kurekodia, ili mvua isituamulie saa za kazi. Tunaomba watoto wetu wanaochora wapelekwe siku moja kuona jinsi nyinyi mnavyofanya kazi huko kwenu. Haya yakishindikana, hatutalala njaa.

Kubwa ni hili. Tunaomba sauti ya Nasambu ibaki, na ukimya wake ubaki pamoja nayo. Mtu akiita majina bila kungoja, huyo anahesabu watu tu. Pale katikati ya jina na jina ndipo aliyeitwa anapopewa nafasi ya kujibu. Mkikata hapo, lile dude litakuwa limenyamaza kwa sababu filamu inaisha, na mtoto hadanganyiki hivyo. Wauzaji wa ng'ombe wa Lubao hawakubadilisha chochote. Walisimama.

Kama haiwezekani, Madam, tuambie leo kwa mdomo wako, tutakusindikiza barabarani kwa nyimbo kama mgeni wetu. Filamu itarudi kwenye shuka yetu, itaonyeshwa Lubao, Butali na Lugari, ikiwa na mkwaruzo wake. Tutaumia, hatutasema uongo. Lakini tumeshachagua, na tukiwa pale mbele ya shuka tutajua ni nani anayesema.

BARAKA

Sasa ni wakati wa kukubariki, na kwa desturi yetu anayebariki ni mkubwa kuliko wote. Mkubwa wetu ni Nasambu. Hatukuona sababu ya kumpa mwingine kazi yake.

Wanjala yuko tayari kwenye mashine. Ataanzia pale mtoto anapolia. Utasikia Wangila, utasikia Hezekiah, utasikia Isaiah na wale wa zamani. Utasikia Joash. Kisha hutasikia kitu. Usitazame saa, na usidhani mashine imeharibika. Ngoja nasi. Baada ya hapo Nasambu atasema maneno yake, na ujue kwamba leo ameyatoa kwako, wewe na nyumba yako na safari yako ya kurudi.

Watoto, tulieni. Gentrix, mshike Joash. Wanjala, bonyeza.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Kukhu Sauti Moja,
Amalemba, Kakamega.