Sehemu ya C na Kikombe cha Bati

Fomu ya Uthibitisho wa Mwenendo wa Mpangaji Mtarajiwa, Sehemu ya C: Maelezo ya Mwenye Nyumba wa Awali (asiwe ndugu wala taasisi ya elimu). Hilo ndilo jambo lililokuwa mezani asubuhi ile kwenye benchi letu, kati ya kibanda cha Fundi Viatu na duka la Kinyozi. Meza hatuna, kwa hiyo fomu ilikaa juu ya goti la Masijala. Masijala ni karani mstaafu, miaka thelathini na mmoja chumba cha majalada, na goti hilo ndiyo ofisi pekee aliyobaki nayo. Kalamu ilikuwa tayari sikioni.

Mwenye shida alikuwa binti, mpwa wake Fundi, aliyekaa mwisho wa benchi na begi mapajani. Kamaliza chuo mwezi uliopita. Jumatatu anaanza kazi maabara ya zahanati, na maabara hufunguliwa alfajiri. Chumba amekipata, hatua mia mbili kutoka mlango wa zahanati, kina madirisha mawili. Kwa sasa analala sebuleni kwa mjomba wake, upande wa pili wa mji, pamoja na watoto watano na mashine ya kushonea ngozi. Mwenye nyumba amesema fomu ifike kabla ya saa sita mchana. Ikichelewa, chumba anapewa mwalimu mmoja ambaye ameshapanga nyumba tatu na zote zinamsifu.

Binti hajapanga hata moja. Kutoka kwa mama yake aliingia bwenini, na bwenini ndiko alikotoka.

— Yaani ili upange mara ya kwanza, alisema Fundi huku akivuta uzi, sharti uwe umeshapanga.

— Ndivyo, alisema Masijala, na uso wake ulionyesha kuridhika kabisa. Utaratibu safi huo. Haumpendelei mtu.

Kinyozi alipiga funda la kahawa, akaungua mdomo kama kawaida. Hapa lazima nieleze. Mama Birika, anayetuuzia kahawa, alikuwa na vikombe vitano vya kaure vyenye mstari wa buluu. Mwaka juzi kimoja kilikutwa chini ya benchi vipande vitatu. Tuliketi kikao, tukamtia Kinyozi hatiani kwa kuwa ndiye anayerusha mikono akizungumza, na tangu siku hiyo anakunywa kwenye kikombe cha bati. Hukata rufaa kila wiki. Wiki hii alikuwa bado.

Badala yake alijitolea kuwa mwenye nyumba. Wakimuuliza, atasema binti aliishi nyuma ya duka lake miaka mitatu, mpangaji mtulivu, hana wageni. Fundi akamkumbusha kwamba nyuma ya duka lake kuna choo.

— Mimi sijasema chumba ni kikubwa, alijibu Kinyozi.

Masijala akalikataa hilo, si kwa sababu ni uongo bali kwa sababu choo hicho hakina namba ya jengo. Yeye aliona tutazame kitanda. Bwenini binti alilala kitanda cha chini, na rafiki yake cha juu. Kwa jicho la kisheria, alisema, mtu anayeishi chini ya mwingine kwa miaka mitatu ni mpangaji wa yule wa juu, maana paa lake ni godoro la mwenzake. Aandikiwe rafiki, alete sahihi. Ikaonekana rafiki ameshaajiriwa mahali ambapo ni siku mbili kwa basi, na saa ilikuwa tano kasorobo.

Kinyozi ndiye aliyeligundua benchi. Hakuwa akimwaza binti, alikuwa anatafuta pa kuweka bati lake.

— Huyu si amekaa hapa miaka mitatu? Kila siku baada ya vipindi, pembe hiyo hiyo, anasoma madaftari yake. Kama huko si kupanga, ni nini?

Masijala alifumba macho, nasi tukanyamaza, maana akifumba macho anapekua majalada. Alipoyafumbua alitangaza kwamba kukaa mahali pamoja, kwa ridhaa ya mwenye mali, kwa zaidi ya miezi kumi na miwili, ni upangaji. Ikabaki mwenye mali ni nani. Benchi alilipigilia Fundi, lakini Fundi ni ndugu. Ubao ulitoka kwa Mama Birika.

Mama Birika alikuwa anapuliza makaa.

— Mimi nina nyumba?

— Una ubao, alisema Masijala, naye akaanza kujaza.

Idadi ya vyumba: kimoja, kirefu. Hali ya paa: hutegemea msimu. Majirani: wastaarabu. Kila jibu lilipita kwa sauti moja, na kila lilipopita tulizidi kuona kwamba yule mwalimu na nyumba zake tatu hana lake. Swali la saba likauliza kama mpangaji amewahi kuharibu mali. Tukasema kwa pamoja hajawahi, hana doa, na Masijala akaliandika neno hilo kwa herufi kubwa.

Kando yetu alisimama mama mmoja tusiyemjua, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna, akingoja Fundi amgongee kisigino.

— Na akivunja kitu, aliuliza, huwa anasema?

Tukatazamana. Miaka mitatu, na hakuna aliyejua. Masijala alisema swali hilo halimo kwenye fomu.

Binti alikuwa analitazama bati la Kinyozi.

— Kile kikombe ni mimi, alisema. Nilikuwa nawahi mtihani, nikakipiga na begi. Kesho yake nikakuta mmeshahukumu, nikaona haya. Kila siku nilijiambia nitasema kesho. Unisamehe, baba.

Kinyozi, mtu wa kurusha mikono, aliiweka yote miwili magotini.

— Mwanangu, alinong'ona Fundi, ungesubiri basi fomu iishe.

Mama Birika aliinuka kwenye makaa. Alichukua bati kando ya Kinyozi, akammiminia kahawa mpya kwenye kikombe cha mstari wa buluu. Bati akampa binti. Kisha akamnyang'anya Masijala kalamu, akafuta vyumba, paa, majirani na lile HANA DOA, huku Masijala akilalamika kwamba fomu haiandikwi kwa miandiko miwili. Aliandika taratibu, akiyatamka maneno:

— Mimi sina nyumba, nina benchi. Huyu amekaa hapo miaka mitatu. Alivunja kikombe kimoja, akasema mwenyewe, amechelewa miaka miwili. Ningemkaribisha tena.

Akatia sahihi. Kinyozi akaomba nafasi, akaandika chini yake: Mimi ndiye niliyesingiziwa, na nimemsamehe.

Binti alifika saa sita kasoro dakika nne. Mwenye nyumba aliisoma Sehemu ya C akiwa amesimama mlangoni, akauliza kikombe kilikuwa cha rangi gani, akampa ufunguo.