Samaki wa Matete

Kanta, lori dogo la abiria, ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kambi ya wakimbizi ya Mantapala, na Chouchou, aliyekalia gunia lake la muhogo, alishajua kwamba leo safari haitamchosha. Mbele yake Kafula, mama wa Nchelenge anayeuza chisense, visamaki vidogo vya ziwani, alikuwa akimsifia jirani yake wa safarini kichanja kipya cha ufukoni.

"Kikubwa, mama! Kimesukwa na matete, urefu kama mitumbwi mbili. Chisense yangu inakauka siku moja tu."

Jirani, Rosalie, aligeuka polepole. Viganja vyake vilikuwa vimejaa mikwaruzo ya matete. Chouchou akajisemea: leo kutakuwa na mambo.

"Ile haiko kichanja," Rosalie alisema. "Ile iko samaki. Njo miye nilisuka, wiki tatu! Na bantu banakuya leo kuiangalia."

"Kuiangalia tu?" Kafula alishangaa kwa moyo wote. "Bila kuanika kitu?"

"Kuiangalia tu!"

"Basi ungeitia macho, mama, tungejua."

"Macho iko! Umeifunika na chisense!"

Gari zima likacheka. Chouchou alicheka kuliko wote, ingawa hata yeye angeanika.

Kanta ikasimama ufukoni. Samaki wa matete alikuwa amelala mchangani, mkubwa, na chisense walioanikwa mgongoni mwake walimetameta juani kama magamba. Rosalie aliinua kidole agombe, kisha akakishusha. Akamzunguka hadi mkiani, ambako hapakuwa na chisense hata mmoja.

"Mama," alisema mwishowe, "mukia umeiacha wazi."