Fundi Malaika na Mlango Unaokwaruza

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, assalaam alaykum. Kabla hatujambeba mzee wetu kwenda kuswaliwa, familia inaomba muda mfupi iwasomee alikotoka na alikopita, na tunatanguliza kuwataka radhi, kwa kuwa baadhi ya haya si kawaida kusomwa mbele ya jeneza, ila yeye mwenyewe aliagiza yasomwe, na agizo la aliyekwisha nyamaza halina wa kulijadili.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, mtoto wa nne kati ya saba, baba yake akiwa dereva wa lori la mchanga na mama yake mshonaji wa nguo za watoto. Katika ndugu zake wote yeye ndiye aliyeogopa giza, akilia taa isizimwe, mpaka mama yake, aliyechoshwa na mafuta kwisha kabla ya wiki, akamweleza kwamba hakuna mwanadamu anayelala peke yake, kwamba wapo malaika mbele yake na nyuma yake wanaomlinda kwa amri ya Mwenyezi Mungu, na wawili wengine wanaoandika, mmoja kuliani na mmoja kushotoni. Mtoto akauliza kama hao nao hawasinzii, akaambiwa kwamba wameumbwa kwa nuru, hawali, hawalali, hawachoki, na hawakosei kazi waliyopewa. Tangu hapo akalala gizani bila kelele, na habari za malaika hazikumtoka mdomoni maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, huku jioni akienda chuoni kusoma Qur'ani, ambako alikuwa mwepesi wa kuhifadhi kuliko wenzake. Sekondari hakufika, kwa sababu, kwa maneno yake, hesabu zilimkimbia, ingawa mjomba wake aliyekuwa seremala alipenda kumjibu kwamba aliyekimbia ni yeye, na hesabu zenyewe zilikwenda kumsubiri kwenye mbao. Kwa mjomba huyo ndiko alikopelekwa kujifunza kazi mwaka 1965, na Januari 1969 akaajiriwa katika karakana ya samani ya shule moja ya bweni, akatengeneza vitanda na madawati hadi Desemba 1981, alipofungua karakana yake mwenyewe nyuma ya soko.

Hapo ndipo wengi wenu mlipomjua. Alikuwa fundi wa milango kwanza, mengine baadaye, na mkali wa kazi yake, akiamini kwamba mlango unaokwaruza ni fedheha ya aliyeutengeneza hata kama kosa si lake, hivyo akawa na desturi ya kupita nyumba za wateja wake miezi kadhaa baadaye, bila kuitwa, na randa yake mkobani, kuuliza kama mlango haujavimba. Wake za watu walimtania kwamba anauliza hali ya mlango kabla ya hali ya mwenye nyumba, naye alikuwa akijibu kwamba mwenye nyumba ana mdomo wa kujisemea.

Mwaka 1983 alianza kufundisha madrasa jioni, pembeni ya msikiti, kazi aliyoifanya mpaka macho yalipomkataza, na wapo humu wenye ndevu nyeupe waliopita mikononi mwake. Somo lake alilolipenda ni malaika, akilifundisha kama mtu anayesimulia habari za jamaa zake wa mbali, Jibrili mwenye kubeba wahyi, Mikaili wa mvua na riziki, Israfili anayengoja amri ya kupuliza baragumu, Ridhwani bawabu wa pepo, Munkari na Nakiri wanaomwuliza maiti kaburini, na Malaika wa Mauti, ambaye alisisitiza kwamba Qur'ani imemtaja kwa kazi yake tu, na hiyo inatosha kumjua. Watoto ndio waliomwita Fundi Malaika, na jina likamganda, hata barua zikawa zinafika kwa jina hilo.

Anakumbukwa zaidi kwa siku aliyofundisha kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa, mwanafunzi mmoja akasema basi kila mtu afuge mbwa ili Malaika wa Mauti asiingie. Darasa lilicheka, naye alicheka kuliko wote, kisha akafafanua kwamba wanaozuilika ni wale wanaozunguka na rehema, ama waandishi wa mabegani na yule mwenye kuchukua roho, hao hawazuiliwi na mbwa wala na kufuli. Kisa hicho alikirudia kila mwaka, na kila mwaka alicheka.

Alifunga ndoa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Juni 1974, na mkewe ambaye leo ni mjane wake, wakajaaliwa watoto watatu, wavulana wawili, mmoja mwaka 1976 na wa pili 1979, na kitinda mimba, binti, mwaka 1984. Binti huyo ndiye aliyekuwa mboni ya jicho lake, akikaa karakanani juu ya rundo la vumbi la mbao na kumwuliza malaika wana mabawa mangapi. Alikua akawa muuguzi mwaka 2007, akaolewa mwaka uliofuata na dereva wa malori ya masafa, na mwaka 2009 akazaa mtoto wa kike.

Sasa tunafika pale alipoagiza pasirukwe. Mwaka 2012 binti na mumewe walianza kujenga nyumba hii tuliyopo, na baba akaichukua kazi ya milango yote kama haki yake, akichagua mbao moja moja, kisha akaupangia uchongaji wa mlango wa mbele miezi mitatu mizima. Kabla hawajahamia, wezi waliingia, wakaiba nyaya na mabomba, wakamjeruhi mlinzi, na binti, ambaye alikuwa akifanya kazi zamu za usiku huku mumewe yuko njiani, akatafuta mbwa. Mtoto wake wa miaka mitatu, aliyekuwa akimsikia babu yake akimtaja bawabu wa pepo, na akisikia karakanani bawaba za milango zikiitwa kutwa, akayachanganya maneno hayo, akampa mbwa jina la Bawaba.

Tarehe 16 Februari 2013 marehemu alikuja na zana zake na vijana wake wa kazi kupachika milango, akafika getini, akamkuta Bawaba amelala kivulini. Mbele ya vijana, mafundi wa vigae na majirani waliokuja kutazama, akatamka kwamba yeye hataingia mahali wasipoingia malaika, akageuka, akawaachia vijana kazi. Nyumbani alipoambiwa jina la mbwa alicheka mpaka akashika ukuta, na mkewe anasema siku hiyo nusura arudi, lakini neno lilikuwa limeshasikiwa na watu, na mwalimu kulimeza neno lake mbele ya wanafunzi wake akaona ni kujivua nguo.

Si kwamba hukumu yake hakuijua. Mfugaji mmoja wa mbuzi alipomwuliza mwaka huohuo, alimjibu kwa upole kwamba mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda ameruhusiwa, na wako wanazuoni waliomweka wa ulinzi katika fungu hilo, asitie shaka moyoni. Ruhusa aliyompa mtu baki hakumpa mwanawe. Alitengeneza benchi, akaliweka nje ya geti, na kila Ijumaa baada ya swala alikuja akakaa hapo, chai ikaletwa nje, mjukuu akaletwa nje, mvua ikinyesha mwavuli ukaletwa nje, na masomo ya malaika yakasomwa hapo mtoto akiwa nje ya geti na mbwa ndani. Mkewe aliingia, akala, akalala, akarudi kumsimulia vyumba vilivyo. Hivyo ndivyo ilivyokwenda miaka kumi na zaidi, na wahenga waliposema majuto ni mjukuu, yeye mjukuu wake alikuwa hatua chache ndani ya ukuta, akiota meno, akivunjika mkono, akifaulu mitihani, naye akipokea habari hizo benchini.

Presha ya macho ilimwanza mwaka 2019, na kufikia Agosti 2022 alikuwa haoni kabisa. Mwishoni mwa Desemba 2023 figo zilishindwa, akalazwa, na tarehe 8 Januari 2024 madaktari wakasema anaweza kutoka endapo atakaa na mtu anayejua kumhudumia. Binti akasema atamchukua kwake. Marehemu akaomba ahudumiwe nyumbani kwake, kwa sababu ile mnayoijua, na hapo binti, ambaye miaka yote hiyo alibeba chai nje bila kuguna, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Baba, malaika hawaingii kwa sababu wameamrishwa, hawana hiari. Wewe hiari unayo. Wewe ni baba yangu."

Akageukia ukutani. Asubuhi yake alisema, "Twendeni."

Alipofikishwa getini, mkwewe alitaka kumpeleka mbwa kwa jirani, marehemu akamzuia, akisema, "Mwache, yeye yuko kazini." Wakamshika mikono mpaka mlangoni, mlango ukafunguliwa, ukakwaruza sakafu kwa sauti ile ambayo nyote mmeisikia leo. Akasimama. Akauliza fundi gani aliyeutengeneza mlango huu, binti akasema, "Wewe, Baba." Akapapasa toka bawaba ya juu mpaka ya chini, akaitambua michongo yake, akauliza unakwaruza tangu lini, akaambiwa tangu walipohamia, kwa maana vigae viliwekwa baada ya mlango, sakafu ikapanda, na hakuna aliyethubutu kumwita fundi mwingine auguse, wala kumwambia yeye. Mlango mmoja tu katika mji huu hakuwahi kuurudia na randa, na ni huu. Alilia hapohapo kizingitini, bila kuficha.

Siku zilizofuata mjukuu alimshika mkono kumpitisha chumba kwa chumba, akimwonyesha kwa maneno, hapa nilivunjika mkono, hapa nilijificha matokeo yalipotoka, hapa ni kiti ulichotuletea na Mama hakuruhusu mtu akikalie. Alikikalia. Aliomba aletewe randa, lakini mikono haikuwa na nguvu, akaahidi akipata nafuu. Siku moja alimwambia mjukuu wake kwamba katika kusoma habari za malaika miaka yote alitamani kufanana nao, asikosee, asiyumbe, na hakuzingatia kwamba malaika hana toba kwa kuwa hana kosa, kwamba kurudi nyuma na kusema nilikosea ni mlango aliofunguliwa mwanadamu peke yake, naye aliukalia nje. Akaagiza hayo yasomwe, ili asipatikane mwingine wa kuyafanya kwa jina la somo lake.

Amefariki jana, Jumamosi tarehe 2 Machi 2024, saa tisa na nusu alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake, siku moja kabla ya kutimiza miaka sabini na mitano. Mbwa alikuwa getini, na hakubweka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya macho na ya figo, majirani wa mtaa huu waliomzoea benchini hata wakawa wanamwekea kivuli, mafundi wenzake wa karakanani, walimu na wanafunzi wa madrasa, na kila aliyetuma neno au kunyanyua mkono kumwombea dua. Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu tisa, na mbwa mzee pale getini, ambaye tunaomba mtakapokuwa mnatoka asirushiwe jiwe.

Leo asubuhi kijana wake wa kazi alikuja na randa, akitaka kuutengeneza mlango kabla ya watu kufika, binti akamwambia asubiri mpaka kesho, baba yake apite kwanza. Basi tutakapomnyanyua mtausikia unakwaruza, msishtuke, ni yeye anatoka nyumbani kwa mwanawe.

Mwenyezi Mungu amsamehe, ampokee kwa malaika wa rehema, amfungulie pale pasipo na geti. Pumzika kwa amani, Fundi, umeingia.