Baba Saa Aliyepika kwa Sikio

Wasikilizaji wapendwa, Mungu ametuamsha tena, ashukuriwe. Sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi saa. Mtaa mzima tulimwita Baba Saa, na mkewe akawa Mama Saa, apende asipende.

Miaka minane iliyopita daktari alimwonya Mama Saa. Presha imepanda mno. Punguza chumvi, punguza mafuta, la sivyo ni kiharusi. Chumvi na mafuta, basi. Mama Saa akarudi nyumbani akasema bora afe ameshiba.

Baba Saa hakubishana. Siku hizo alikuwa akitengeneza saa ya ukutani ya mpishi wa hoteli ya Kichina. Akamwambia, "Usinilipe. Nifundishe chakula chepesi cha kwenu."

Mpishi akamwandikia. Kabichi, karoti, tangawizi, kitunguu saumu. Mafuta kijiko kimoja. Sosi ya soya kijiko cha chai, nayo ina chumvi yake, nyingine usiongeze. Moto mkali, dakika tatu.

Fundi saa ukimwambia dakika tatu, unadhani atafanya nini? Alipika saa ikiwa mkononi. Dakika tatu kamili, akaepua. Mama Saa akatafuna, akatafuna.

"Mume wangu, hii ulimpikia mbuzi?"

Kesho yake akafunika kikaango. Mboga zikalainika kama uji.

"Jana mbuzi, leo kibogoyo. Kesho nitakuwa nani?"

Mpishi alipofuata saa yake akasimuliwa, akacheka hadi akashika meza. "Moto wangu si moto wako. Saa weka mfukoni. Usifunike. Sikiliza tu. Kikaango kikinyamaza, umejaza mboga, punguza."

Kusikiliza! Mtu aliyetega sikio kwenye saa mbovu miaka arobaini! Tangu hapo, kila jioni dirisha lao lilisema chwaaa. Presha ikashuka. Miaka minane, kiharusi hakikugonga mlango ule.

Baba Saa alifariki wiki tatu zilizopita, kwa homa ya mapafu. Mama Saa akaacha kupika. Akaacha hata kula. Mimi ni mjane, najua uzito wa chombo cha aliyeondoka. Niliogopa tutazika wawili.

Juzi nilikaa naye sebuleni. Binti yake alikuwa jikoni. Tukasikia chwaaa. Mara sauti ikafifia. Mama Saa akainua kichwa.

"We mtoto, umejaza! Punguza! Na ole wako ufunike!"

Akanyanyuka. Akaingia jikoni mwenyewe, akamnyang'anya mwiko. Siku hiyo alikula sahani nzima, nami nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Wakati ananisindikiza, binti alininong'oneza, "Mama mdogo, nilijaza makusudi."

Mama Saa, kama redio iko wazi, unisamehe. Siri imenitoka. Pole sana, dada yangu. Pole, binti. Mungu ampumzishe fundi wetu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, jioni ya leo mkiwasha jiko, nyamazeni kidogo. Sikilizeni kikaango. Kisha mjiulize: huyu ninayempikia, nataka niwe naye miaka mingapi?