Siku Niliita Majina mu Micro

Mwaka wa 1998 nilikuwa na miaka makumi tatu na sita, na ndiyo mwaka nilifika Beni bila viatu.

Ninaanzia pale kwa sababu mulinialika mu mukutano huu wa bazazi, nisimame niseme namna nilianguka na namna niliinuka. Nimeandika mu daftari ili nisipotee. Majina ya batu sitataja. Mutu akijitambua, anyamaze tu, na Mungu amubariki.

Nilikuwa muchuuzi wa samaki. Nilitoa samaki ya chumvi Kyavinyonge, ku ziwa, nikauzisha Butembo na Beni. Shule nilisoma mpaka darasa la tatu. Ukinipatia kalamu, nilikuwa naishika sawa mupini ya jembe. Lakini samaki nilijua kwa macho na kwa pua, na kwangu tulikula mara mbili kwa siku wakati kwa jirani balikula mara moja. Nilijivuna. Sitaficha.

Vita ikaingia. Siku moja, mu barabara ya Beni, batu ba bunduki balisimamisha lori. Balichukua lori, balichukua samaki, balichukua viatu. Mumoja wao akaniuliza: “Vieux, muzee wangu, umekasirika?” Nikasema hapana. Akacheka, akaniachia kofia. Basi niliingia Beni na kofia kichwani, miguu inatoka damu, na batoto ba njiani balinisalimia sawa chef wa kijiji.

Nilirudi Butembo nikakaa naangalia ukuta. Kisha nilifanya jambo ambalo bibi yangu, mama ya batoto, alinisamehe baada ya miaka mingi. Nilichukua mashini yake ya kushona, nikaibadilisha na televisheni na deki ya kaseti. Groupe, mashini ya kutoa umeme, nilipewa na shemeji. Nikafungua nyumba ya video kule Kimemi, quartier yetu ya Butembo: mbao, bati, mabenchi, na haut-parleur moja, kipaza sauti cha betri, juu ya mulango ikipiga kelele mpaka ng'ambo ya bonde.

Sasa bandugu, musikilize ujinga wangu. Kaseti zilitoka Kampala kupitia Kasindi, zote Kingereza. Batu balitaka kuelewa. Basi nilishika micro nikawa mutafsiri. Kingereza nilijua? Hata neno moja. Nilikuwa natunga! Muzungu akifungua kinywa, mimi ninasema yangu. Akibusu bibi yake, ninasema anamuuliza kama bugali umeiva. Akilia, ninasema bameiba mbuzi yake. Kila shujaa nilimuita Commandant. Na batu ba filme nilibapatia majina ya batu ba quartier yetu. Mwizi akikimbia, ninamuita jina la jirani mwenye tulijua anapendaka kuku za wengine. Batu balicheka mpaka benchi inaanguka. Kimemi yote ilijua sauti yangu.

Na nilikuwa na neno moja nililosema kila siku mu micro, filme ikiwa nzuri, filme ikiwa mbaya: “Diplôme haijazi sufuria!” Batu banapiga makofi.

Tulikuwa na préfet, mukubwa wa sekondari. Serikali ilimutuma kutoka mbali, upande wa Kasai, mbele ya vita. Vita ikakata barabara, ikakata na mushahara wake. Angeweza kuacha shule atafute pesa. Alibaki. Kinande, luga yetu, hakujua, na Kiswahili yake ilikuwa inapinda, lakini ku shule alikuwa mukali kabisa: ukichelewa, unamukuta amesimama ku mulango na registre yake, daftari ya majina, chini ya kwapa, anaita jina lako mbele ya batu bote.

Mutu huyo alikuja kwangu saa tatu ya asubuhi, siku ya kazi. Ndani kulikuwa batoto ba shule wengi, bamegeuza mashati nyeupe ndani-nje ili basijulikane.

Akasema kwa heshima: “Papa, nakuomba, ufungue saa nane ya mchana. Asubuhi uniachie batoto.”

Nikamuangalia kutoka kichwa mpaka miguu. Viatu vyake vilikuwa vinacheka, kila kimoja kimefungua kinywa mbele. Nikashika micro, ndiyo, micro, ili inje pia basikie: “Préfet! Mimi na darasa la tatu ninalisha batu saba. Weye na diplôme yako, viatu bado vinaomba chakula!”

Batu balicheka. Yeye hakucheka, hakukasirika. Akasogea karibu: “Kuko na jambo lingine, papa. Ni juu ya nyumba yako...”

Nikavuta kamba ya groupe. Vrrrum! Midomo yake ilikuwa inaenda, sikusikia kitu. Nikamuonyesha mulango kwa mukono.

Mukumbuke hapo. Nitarudi.

Kumbe nilikuwa na mutoto wangu wa kwanza, musichana wa miaka kumi na tisa. Alikuwa mwaka wa sita wa sekondari, anangoja examen, mutihani wa mwisho. Mu ukoo wetu hakuna mutu aliyefika pale. Mimi niliyetukana diplôme mu micro, nyumbani nilikuwa nahesabu siku. Kila asubuhi alivaa nguo ya shule, akasema: “Papa, niko naenda.” Nami nikasema: “Enda, mama yangu.”

Ikapita kama juma moja. Nikapata kaseti mupya. Juu ya karatasi yake kulikuwa mwanaume mufupi, uso mubaya, ameinua kengele kubwa sawa nyundo. Nikasema hii ni vita. Nikatangaza: “Leo saa nne! Commandant wa Nyundo! Anavunja bichwa!” Mvua ikanisaidia. Bamama ba soko baliingia kukimbia mvua, baaskari baliingia, batoto ba shule ndio nyumba yao. Ikajaa.

Filme ikaanza. Bunduki hakuna. Mutu mufupi anatembea mu mavumbi ya shule iliyobomoka. Nikasema mu micro: “Mungoje, anachunguza adui.” Akapiga kengele. Nikasema: “Anaita jeshi.” Akaenda nyumba kwa nyumba, anapiga kengele ku madirisha, anatoa vijana mu vitanda, anawasukuma njiani na shati haijafungwa.

Askari mumoja akalalamika: “Vieux, bunduki iko wapi?”

“Inakuja!”

“Umesema anavunja bichwa. Anavunja usingizi tu!”

Mama mumoja muuza mihogo akageuka: “Weye nyamaza! Acha tuone. Kwangu kuko batatu ba kutolewa mu kitanda hivi.”

Batu balicheka. Lakini nilisikia kicheko kinapungua. Walikuwa banaegemea mbele. Nilielewa mwenyewe, bila Kingereza, kwamba huyu mufupi hakuwa commandant. Alikuwa directeur wa shule.

Kisha akaingia mu darasa. Viti vingi, batoto wachache. Akafungua registre, akaanza kuita majina. Anaita, anangoja. Hakuna mutu. Anaita tena.

Bandugu, kuita majina ni kitu kimoja cha shule nilichokijua. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na hakika ya maneno ya filme. Nikafurahi. Na kwa desturi yangu, nikaweka majina ya kwetu. Nikaita kijana wa jirani, kwa mchezo tu.

Kutoka benchi ya nyuma, sauti ya mama: “Alienda pori na bunduki.”

Nikafikiri banacheza pamoja nami. Nikaita mwingine.

“Manguredjipa. Shimo ya zahabu ilimuangukia.”

Nikaita wa tatu. Huyo alikuwa palepale, benchi ya tatu, shati ndani-nje. Akasimama sawa mutu anayeota. “Présent. Niko.” Hakuna aliyecheka. Bamama bamefunika vinywa na vitenge. Askari yule aliyeuliza bunduki alikuwa ametoa béret kichwani.

Nilishtuka. Nilitaka kurudisha kicheko. Nikatafuta jina la kunitoa mu aibu, jina zuri, jina la kujivunia. Nikaita mutoto wangu mwenyewe. Jina lake lote, mu haut-parleur, Kimemi yote isikie.

Nikangoja makofi.

Kisha musichana mumoja wa shule, mudogo, macho chini: “Absent. Hayuko.”

Nikasema: “Nani amesema?”

Wawili wengine bakajibu pamoja: “Absent, papa.”

“Absent namna gani? Asubuhi hii ametoka kwangu na nguo ya shule!”

Yule mudogo akaanza kulia. “Papa, ni miezi miwili. Anauzishaka mikate ku parking ya malori. Leo anaenda Manguredjipa na lori. Alituaga.”

Manguredjipa, wakati ule! Barabara yenyewe ilikuwa na wenyewe, na kila kizuizi kilikuwa na bunduki yake. Niliweka micro chini, haikuzimwa, ikapiga mbinja. Ndipo nilikumbuka midomo ya préfet ikienda mu kelele ya groupe. “Ni juu ya nyumba yako.”

Nilitoka mu mvua. Nyuma yangu askari anapiga kelele: “Vieux! Filme haijaisha!”

Ku parking nilikuta batu bamezunguka lori iliyopakiwa mpaka juu. Dereva anapiga honi. Nikasukuma batu. Mbele ya magurudumu, mu matope, préfet alikuwa ameketi. Registre mu magoti, ameifunika na koti, mvua inamupiga kichwa. Batoto ba shule balimuambia, na alikuwa pale tangu saa moja ya asubuhi.

Dereva anamupigia kelele: “Muzee, toka! Nitakuponda!”

Yeye, na Kiswahili yake ya kupinda: “Ponda. Muanafunzi yangu ashuke, kisha ponda.”

Na juu ya magunia, mutoto wangu. Begi kifuani, nguo ya shule imeloa. Aliniona. Nikafungua kinywa kumuamuru ashuke. Akatangulia:

“Papa, sema ile unasemaka mu micro.”

Batu bote balinigeukia. Balijua neno lile. Balilipigia makofi kwangu.

“Sema, papa. Miye nilikuwa nasikia kutoka darasa. Kila siku, mu saa ya hesabu, sauti yako inaingia ku dirisha. Wenzangu bananiangalia. Nikasema basi, papa anajua. Ninaenda kujaza sufuria.”

Nilienda nikaketi mu matope pembeni ya préfet. Sikumuomba ruhusa. Akasogea kidogo akanipa nafasi.

Dereva akashika kichwa: “Yesu! Sasa bazee ni babili!”

Batu bakacheka, na mimi nikalia. Niliona viatu vya préfet karibu, vimejaa maji, na nikaona haya kuliko siku niliyoingia Beni na kofia. Ile siku viatu vyangu bilichukuliwa na bunduki. Vyake, hakuna aliyemunyanganya. Alivivaa hivyo ili abaki na batoto betu.

Mutoto akashuka. Polepole, begi kwanza, kisha yeye. Hakuniangalia. Alisimama mbele ya préfet, akasema: “Présente.”

Préfet akafungua registre pale mu mvua, akaandika.

Lori ikaenda. Munangoja niseme iliteketezwa njiani. Hapana. Ilifika muzuri, na dereva akarudi akanitania miaka. Mungu hakuhitaji kuniogopesha mara ya pili.

Tuliporudi Kimemi, batu balikuwa bado ku mabenchi. Walitaka mwisho. Nikasema filme itaendelea saa nane. Saa nane préfet akaja, akashika micro. Alijua Kingereza kidogo, ya vitabu. Ndipo tulishtuka tena! Pale ningesema “nitakuua”, yule mufupi alikuwa anasema “umekula asubuhi?” Alikuwa mutu mwingine kabisa. Yule mama wa mihogo alisimama katikati ya filme, akamushika binti wake shati, akamupeleka nyumbani asome. Askari wa béret alingoja mpaka mwisho akamuomba préfet amuandikie barua kwa mama yake, kwa sababu yeye pia alitoka mbali.

Tangu siku ile nilifungua saa nane. Wengine balifungua zao asubuhi, bakanichukulia batu, na nyumba ya video ikafa. Ikafa tu. Nilianza upya na misumari, ndoo mbili, ku jua. Mutoto alikaa nyumbani mwezi muzima bila kuniongelesha zaidi ya salamu. Examen alipita mwaka uliofuata. Na mimi kila siku ya posho, Jumamosi, nilienda kwa préfet na batoto ba darasa la inne, ndevu zangu hizi, kujifunza kusoma. Balinicheka. Nilistahili.

Ninamushukuru yule musichana mudogo aliyesema “absent” mbele ya mutu mukubwa; leo ako katikati yenu, na ni mama. Ninamushukuru bibi yangu. Préfet alirudi kwao barabara ilipofunguka, na kule alikufa. Siku ya kuenda nilimununulia viatu nikamuambia wasingya kutsibu, asante sana. Alikuwa amejifunza Kinande kidogo. Alinijibu vibaya, tukacheka.

Somo langu ni fupi. Mutu akikuja ku mulango wako na neno juu ya mutoto wako, usivute kamba ya groupe. Muache amalize.

Leo niko na duka ya misumari na bati Kimemi. Niko na nyumba ya matofali. Niko na shamba ya kahawa na ng'ombe wawili. Niko na mashini ya kushona, mupya, ya bibi. Niko na yule mutoto wangu wa kwanza, mwalimu Beni, anaita majina kila asubuhi, na munajua Beni ni namna gani, bunduki hazijanyamaza. Jioni ananipigia simu kunihesabia walioitika. Niko na daftari hii, niliyoandika mwenyewe. Micro iko bado, imefungwa mu kitambaa. Haina waya.