Novena Iliyobaki Siku Tatu

Baba Paroko, ndugu, majirani na wote mliofika, anayewasomea kwa niaba ya familia ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na mvumilieni, kwani Jumatatu asubuhi alikuwa na dada, na leo Alhamisi anasoma historia yake.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Mashuka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha tatu kutoka bombani, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, akasoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1971 hadi 1977, alikosifika kwa mwandiko mzuri na kuadhibiwa kwa kucheka kanisani. Tarehe 2 Mei 1984 aliajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali kuu, akaanzia kwenye masinki, akapanda hadi msimamizi wa pasi, na alipostaafu mwaka jana walimrudisha kwa mkataba, maana ile mashine kubwa ya pasi ilikuwa haimsikii mtu mwingine.

Tarehe 27 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi umeme wa hospitali hiyohiyo, aliyekuja kutengeneza pasi moja na kuitengeneza kwa wiki tatu, na Mungu akawajalia watoto wawili, wa kiume mwaka 1988 na wa kike mwaka 1993.

Huyo wa kiume alipokuwa na miaka mitatu, homa ya uti wa mgongo ilimlaza siku kumi na moja bila kufumbua macho, ndipo sista wa wodi akampa mama yake kijitabu cha novena ya Mtakatifu Yuda Tadei, mwombezi wa waliokata tamaa, akasali siku tisa, na mtoto akafumbua macho akaomba maji. Tangu hapo mwenye kesi, mwenye mtihani, mwenye mume asiyerudi nyumbani, wote walimletea shida zao, naye alizisalia alfajiri siku tisa bila kuruka hata moja. Mumewe hakuwa mtu wa mambo hayo, yeye aliamini fyuzi na waya, akimtania kwamba mtakatifu huyo anafanyishwa kazi bila likizo, na marehemu alimjibu kwamba angalau yeye akiitwa anakuja siku hiyohiyo, si kama mafundi umeme.

Novena yake ya mwisho ilikuwa ya binti yao, aliyekwisha kupoteza mimba tatu, na sasa ana ya miezi minane, amelazwa wodi ya wazazi ghorofa ya pili, presha haishuki, akipangiwa upasuaji leo tarehe 13 Juni 2024 saa nane mchana. Marehemu alihesabu kurudi nyuma, akaanza Jumatano tarehe 5, ili siku ya tisa iangukie leo. Jumatatu tarehe 10 alisali siku ya sita, akampitia binti akamtandikia shuka safi, akashuka kazini, na saa nne na robo, akikunja foronya, alisema "kichwa", neno hilo moja tu, akaanguka. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani, na saa tano kasorobo alifariki, ghorofa mbili chini ya binti yake. Hakuwa mgonjwa jamani, sote tulikuwa tumekaa roho juu kwa ajili ya binti, hakuna aliyemwangalia mama, na mpaka sasa tumeduwaa, hatuamini.

Mumewe alikabidhiwa mfuko wenye viatu, miwani, rozari na kijitabu kilichokunjwa pembe kwenye siku ya saba, na daktari wa wazazi akamwonya papo hapo kwamba habari hiyo, kwa presha ile, inaweza kumwondoa binti na mtoto pia. Kwa hiyo binti aliambiwa mama ana mafua, amekatazwa kuingia wodini. Jumanne alfajiri, mzee huyu asiyesali aliwasha taa ya jikoni akasoma siku ya saba kwa sauti, akikwama na kurudia, Jumatano akasoma ya nane, na jana binti alipomuuliza mama amefika siku ya ngapi, alimjibu kwamba novena imefika ya nane, na hilo halikuwa uongo. Wapo ndugu wanaotulaumu kwa kumficha mtoto maiti ya mama yake, na huenda wana haki, ila tuliogopa makaburi matatu. Tunawasihi msimpigie simu, wala msimtumie ujumbe, na mkwe wetu msimlaumu kwa kutokuwepo, yuko kando ya kitanda, anatabasamu kwa shida.

Tunawashukuru madaktari waliopambana hadi dakika ya mwisho, majirani ambao hawajaacha nyumba yetu iwe tupu, wenzake wa chumba cha kufulia waliompigia pasi shuka lake la mwisho, na wauguzi wanaotoka kulia kwenye ngazi, kisha wanarudi wodini uso mkavu.

Baba Paroko ameridhia kwamba, kabla jeneza halijafungwa, mume wa marehemu asome siku ya tisa nasi tuitikie, halafu tukitoka makaburini atabadili shati ndani ya gari na kwenda kukaa na binti hadi achukuliwe kwenda upasuaji. Binti akizinduka atauliza mama yuko wapi, na safari hii baba yake atamwambia. Mtuombee saa hiyo.

Dada, kazi yako tumeiacha mikononi mwa fundi umeme, pumzika kwa amani.